Chembe za Mzazi Mmoja

Damu ya kaka yangu wa pili, fundi wa kiwanda cha saruji Wazo, ilipelekwa Ulaya kwa sababu kipimo alichokitaka daktari hapa hakikuwepo. Majibu yaliporudi, daktari alituita mimi na kaka mkubwa. Chembe zake nyeupe, zile zinazoitwa chembe T, zilionekana zote kuzaliwa na chembe moja.

“Kipimo hiki peke yake hakitoshi,” alisema. “Hata mwili unaopambana na maambukizi unaweza kuzaa kundi la namna hiyo. Lakini chembe zenyewe nimeziona kwenye hadubini, na tezi na bandama zimevimba. Nikiviweka pamoja, ni saratani ya damu. Dawa ianze leo, na awe na mtu wa kumuuguza.”

Kaka mkubwa alishika neno moja tu, chembe T. Miaka ile redio ilizitaja pamoja na ukimwi. Njiani nilimkumbusha kwamba kipimo cha ukimwi hakikuonyesha kitu.

“Wewe mtoto. Madaktari wanaficha.”

Nyumbani kwa mgonjwa, Mwananyamala, tulimkuta mkewe, shemeji yetu muuza mitumba, akitwanga kisamvu uani. Kaka alimnyang'anya mchi, akampiga nao begani.

“Malaya wewe, umemuua mdogo wangu.”

Pigo la pili lilimpasua juu ya jicho. Nilimkamata kaka kiunoni, akanipiga kiwiko, jino likang'oka. Majirani walijaa mlangoni.

“Mitumba gani inauzwa mpaka saa mbili usiku?” mama mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

Kaka alitupa nje sanduku la shemeji, likapasuka. “Leo unarudi kwenu.”

Shemeji alijifuta kwa khanga, akanigeukia. “Daktari kasemaje?”

Nilimweleza yote, damu ikinitoka mdomoni.

“Dawa inaanza lini?”

“Leo.”

Mgonjwa alikuwa ametoka ndani akishikilia ukuta. Alijikokota mpaka kwa mkewe, akasimama mbele yake. “Braza, akienda huyu, na mie naenda.”

Kaka aliinua mchi. Mdogo wake hakujikinga. Shingo ilikuwa imejaa tezi. Kaka aliutupa mchi ukutani, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Mimi na shemeji tulimpeleka hospitali, tukimshika huku na huku. Nesi alitutazama watatu, akauliza mgonjwa ni yupi.