Saa ya kijeshi isiyosikia bip: wiki yangu na smartwatch ngumu kwenye mashine ya kusaga, Lubumbashi

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Nimesoma humu muda mrefu bila kuandika kitu. Leo nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu kila nikifungua naona mtu anauliza, "Nina smartwatch ya zamani, nichukue hii mpya ngumu?" Na nyinyi mnajibu, "Chukua mkuu, hiyo ni chuma."

Chuma! Haya, nitawaeleza yaliyonikuta na hiyo chuma, bila chumvi. Siandiki haraka, uzi huu umenichukua siku tatu. Mwenye haraka apite.

Naishi mtaa wa Hewa Bora. Kazi yangu ni kusaga mahindi. Mashine ni ya Mama Odile, mimi ndiye ninayeiendesha tangu asubuhi.

Kwanza mjue tunavyofanya kazi, la sivyo hamtaelewa kitu.

Akina mama wanaleta mabeseni ya mahindi asubuhi, wanayapanga mstari, halafu wanaondoka. Hakuna anayekaa kungoja. Wengi wanaweka na mfuko mdogo wa mihogo mikavu juu ya beseni. Mahindi ukiyachanganya na mihogo, bukari inakuwa nyingi zaidi. (Bukari ndiyo nyinyi mnaita ugali.)

Sasa, mama anaamua baadaye kama atachanganya au hapana. Akishaamua, ananibipu. Bip moja: saga mahindi matupu. Bip mbili: changanya na mihogo. Beseni ambalo mwenyewe hajabipu haliguswi, linarudishwa nyuma ya mstari. Hiyo ni sheria ya Mama Odile, na aliiweka baada ya ugomvi mwingi.

Hakuna anayepokea simu, hakuna anayemaliza salio. Na mimi ambaye kuongea na watu kunanitoa jasho, hiyo kazi nilipewa na Mungu mwenyewe.

Lakini mashine inapiga kelele, na mwili wote unatetemeka. Simu ikiwa mfukoni huisikii wala huigundui. Tena unga unaingia kwenye tundu la chaji. Kwa hiyo simu yangu inakaa ndani ya plastiki, kwenye sanduku la vifaa, na mkononi navaa smartwatch. Naivaa upande wa ndani wa mkono, nimeikaza. Bip ikiingia, inanitetemesha pale kwenye mshipa. Naangalia jina, nahesabu bip, naendelea.

Saa yenyewe ilikuwa mbaya, sikatai. Kioo kimepasuka pembeni. Unga umeingia chini ya kioo, tarakimu unazisoma kama mtu aliye kwenye ukungu. Mkanda ulikatika, nikaweka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli.

Miaka miwili ilinifanyia kazi hivyo. Kosa langu ni kwamba nilianza kuionea aibu.

Aliyenitia aibu ni Trésor. Tulikuwa jirani zamani, sasa anauza simu na saa katikati ya mji, mbele ya kabati la kioo. Jumapili moja tulikutana baada ya misa, akanishika mkono mbele ya watu wa kwaya.

"Petit, hii kidonda utavaa mpaka lini?"

Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, ndivyo ninavyofanya nikikosa la kusema.

Akatoa mfukoni saa nyeusi, nene kama mfuniko wa chupa ya gesi, ina misumari minne pembeni.

"Unaona hii? Hii njo montre ya banaume. Unaiangusha, haipasuke. Unaitia mu mayi, haikufe. Yeye na moto, yeye na baridi, byote sawa."

Akanionyesha na video. Mzungu anapanda mlima wa barafu, anaanguka, anaangalia saa, anatabasamu. Halafu anapiga mbizi baharini, mita hamsini, anatoka, anaangalia saa, anatabasamu tena.

Wakuu, mimi nilitazama ile video mara tatu. Sikujiuliza hata kidogo nina uhusiano gani na bahari. Kwetu Hewa Bora maji ya bomba yakitoka tu, watu wanaitana.

Trésor akasema nivae wiki moja nijaribu, yeye abaki na ile ya zamani kama dhamana. Nikipenda, tutazungumza. Nilifurahi, kwa sababu nilidhani nimekwepa kuamua. Kumbe ukivaa kitu cha mtu wiki nzima umeshaamua nusu.

Jumatatu nikaingia nayo kazini.

Asubuhi mvua ilinyesha, akina mama wakabaki kibarazani wakingoja unga wao, hakuna aliyebipu. Nikapata nafasi ya kuishangaa.

Ile saa inahesabu hatua. Mimi nimesimama sehemu moja, mashine inanitetemesha, yenyewe inahesabu. Kufika saa sita mchana ilisema nimetembea njia ya kwenda Kasumbalesa, mpakani kabisa. Ikanipigia na makofi kwenye kioo.

Saa nane, nina gunia la mahindi mabegani, ikatetemeka. Nikadhani ni bip. Nikaweka gunia chini, nikasoma. Imeandika kwa Kifaransa: umekaa muda mrefu, simama, nyoosha mwili.

Nyoosha mwili! Nilitamani kuitupa kwenye kinu.

Lakini jirani wa mashine, fundi wa kushona, alikuwa ameshaniambia, "Eh, sasa uko patron." Nikajikaza.

Jumanne ndiyo siku yenyewe.

Kuna mama mmoja, Mama Béa. Anapika chakula cha wafanyakazi wa jengo linalojengwa njia ya Annexe. Kila siku analeta beseni saa kumi na mbili, anaenda kwenye jengo kuangalia wafanyakazi ni wangapi, halafu ananibipu. Wakiwa wachache, bip moja. Wakiwa wengi, bip mbili, mihogo iongeze sufuria. Saa nne unga wake uko tayari, saa sita bukari iko mezani. Yeye pia ndiye aliyewaleta wateja watano au sita wa mtaa wake kwetu.

Siku hiyo saa nne ikafika, Mama Béa hajabipu. Nikarudisha beseni lake nyuma. Zamu ikafika tena, kimya. Nikarudisha. Mara ya tatu nikarudisha. Nilijisemea labda leo jengo limefungwa.

Na wengine walikuwa kimya vilevile, nikawa nasaga ya wachache waliokuja wenyewe. Nikadhani ni mtandao. Saa ya mwanaume wa mlima wa barafu ningewezaje kuishuku?

Saa saba kasoro Mama Béa akaingia. Alikuwa ametembea kwa miguu, mwiko wa bukari bado mkononi. Akaangalia beseni lake. Mahindi mazima, kama alivyoyaacha.

Nilizima mashine. Ni afadhali ningeiacha, maana sasa kila mtu alisikia.

"Weye kijana! Nilikubipa mpaka kidole ikachoka! Bantu bangu ba chantier bamekula kwa mwengine. Bukari inapikwaka na mahindi nzima, eh?"

Nikasema, "Mama, sikuona bip."

"Haukuone? Na ile sahani unavaa ku mukono ni ya nini? Nilikuwa najua uko kinyamavu, sikujua uko kiziwi!"

Nikafungua sanduku, nikatoa simu kwenye plastiki. Bip zake zote zilikuwa pale, zimejipanga ukurasa mzima. Na za akina mama wengine juu yake.

Mama Béa hakutukana zaidi. Alibeba beseni lake kichwani, akaenda nalo. Hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

Jioni Mama Odile akaniita. Hapigi kelele yule mama, anaongea kama anayehesabu rozari.

"Mama Béa njo analetaka bale bengine. Akienda, banaenda naye. Nimeenda kumuomba, anasema atarudi kuonja. Shemeji yangu wa Likasi anajua mashine, na anakosa kazi. Beseni moja tena ibakie nyuma, siku ya posho utanipa ufunguo."

Siku ya posho ni Jumamosi, tunaita hivyo huku tangu zamani za wazee wa migodi. Maana yake nilikuwa na siku nne za kuonyesha bado ninafaa. Sijui kazi nyingine. Kuomba kazi kwa mtu nisiyemjua ndicho kitu ninachokiogopa kuliko vyote, na nani atanipa, mimi niliyeishia shule ya msingi?

Usiku huo nikaazima simu ya fundi wa kushona. Nikajibipu mwenyewe.

Simu yangu ikawaka taa. Saa kimya. Nikajibipu tena, kimya. Safari hii nikaacha simu ilie bila kukata. Mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ndipo saa ikatetemeka, kwa raha zake, kama mtu anayeamshwa usingizini.

Nikaelewa. Inangoja. Inataka kwanza ihakikishe kwamba mtu anakutafuta kweli. Aliyeitengeneza aliwaza kuanguka mlimani, akawaza bahari, akawaza moto. Hakuwaza kwamba kuna watu duniani wanaokupigia huku wanamwomba Mungu usipokee.

Nilitafuta ndani ya saa kila sehemu ya kubadilisha mambo. Kuna ya rangi, kuna ya mapigo ya moyo, kuna ya dira. Ya kungoja simu sikuiona.

Jumatano asubuhi umeme ulikatika, nikapata ruhusa. Nikaenda mjini kwa miguu, nikifanya mazoezi ya maneno njiani. Nilikuwa na maneno mazuri sana. Kufika pale yote yakanitoka.

Trésor alikuwa na wateja. Mama mmoja akichagua waya wa chaji, na mlinzi wa nyumba, bado ana sare yake, ameshika saa ngumu kama yangu. Trésor aliitia saa nyingine kwenye glasi ya maji, akaitoa, akaiangusha kwenye saruji. Pa! Haikupasuka. Mlinzi akatikisa kichwa kwa furaha.

"Muulizeni huyu," Trésor akasema aliponiona. "Anatumika ku mashine ya kusaga, mu bunga, mu bumbi. Petit, iko namna gani?"

Wote wakanitazama. Masikio yangu yalipata moto.

Nikasema neno moja tu. "Nibipe."

"Nini?"

"Nibipe."

Akacheka, akatoa simu, akanibipu. Nilinyoosha mkono juu ya kabati wote waone. Kimya.

"Réseau," akasema, eti ni mtandao.

"Bipa tena," mlinzi akamwambia. Hakuwa anacheka.

Kimya. Mlinzi akaniomba namba, akabipu kwa simu yake mwenyewe. Simu yangu ilitetemeka mfukoni, saa imelala.

Yule mama wa waya akapiga kofi. "Yee! Bakubipe ju ya kilio, itangoja bamalize kuzika njo ikwambie?"

Trésor akaanza, "Haina hivyo, mama, kuna réglage..." Akachukua saa, akabonyeza, akabonyeza, jasho likamtoka. Yeye muuzaji hakujua hiyo réglage, hiyo sehemu ya kurekebisha, iko wapi kuliko mimi.

Mlinzi akaweka yake juu ya kabati, polepole. "Patron wangu akifika anabipaka mara moja, nafungua portail. Bip ikinipita, nafukuzwa. Minaenda, ndugu."

Akaondoka. Mama naye akaondoka, hata waya hakununua.

Trésor alinitazama kana kwamba nimemwibia. Akavuta droo, akanitolea saa yangu ya zamani. Kile kipande cha mpira alishakitupa, eti kilikuwa kinanuka. Nikaichukua hivyo hivyo bila mkanda.

"Utajuta," akasema. "Ile ikiingia mayi, inakufa."

Sikumjibu. Jibu lilinijia nimeshafika karibu na nyumbani, kama kawaida yangu, kwa hiyo nalitoa hapa: miaka miwili nimeivaa na haijaingia maji hata siku moja. Mimi nasaga unga. Unga ukiingia maji, nimeharibu kazi kabla ya kuharibu saa.

Usiku nikaifunga saa kwa kipande kingine cha mpira wa baiskeli, na Alhamisi na Ijumaa hakuna beseni lililobaki nyuma. Mama Béa hakuonekana.

Siku ya posho akaja. Aliweka beseni kwenye mstari bila salamu, mfuko wa mihogo juu yake. Safari hii hakwenda kwenye jengo. Alivuka barabara, akasimama ng'ambo, simu mkononi, ananitazama. Mama Odile naye alitoka ndani akakaa kwenye kiti, mikono mapajani.

Mashine inanguruma. Jasho linanitiririka mgongoni.

Tiki. Kwenye mshipa. Nikangoja. Tiki.

Nikainua mkono juu ili anione, nikafungua mfuko wa mihogo, nikamimina.

Alivuka kuchukua unga wake. Akaushika kwa vidole viwili, akausugua, akaonja.

"Kumbe masikio iko," akasema. Halafu akamgeukia Mama Odile: "Kesho kutwa nitaleta mbili. Bantu ba chantier banarudi kidogo kidogo."

Ufunguo bado ninao mimi.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Msiulize saa inavumilia nini. Kuvumilia hata jiwe linavumilia. Uliza mkono wako unangoja nini kutoka kwa hiyo saa, halafu ijaribu kwa kitu hicho hicho, pale pale dukani, kabla hujaivua ile uliyoizoea. Na anayekucheka mbele ya kwaya usimnunulie kitu.

Saa yangu bado imepasuka. Siku moja itakufa, najua, na nitalazimika kuchagua tena. Kwa hiyo naomba msaada wenu kwa moyo wote: aliye na smartwatch inayotetemeka tangu mlio wa kwanza, aseme ni ipi. Na kama kweli hizi ngumu zina sehemu ya kuondoa huko kungoja, anielekeze taratibu, nasoma polepole.

Habari za mita hamsini za maji mbaki nazo. Na ambaye simu yake haijawahi kubipiwa na mtu, huyo naomba asinishauri kabisa.