Uzio Nilioufunga Tena

Nina hasira za karibu na mdomo usiotulia, hilo hata mke wangu hafichi. Siku niliyotakiwa kuufungua mdomo huo, nikanyamaza. Ndiyo habari ninayoiandika hapa.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, kibanda changu kiko Bugene. Viyoyozi kwetu si vingi. Siku nyingi nashinda na friji za soda. Kwa hiyo mama mmoja wa Ihembe aliponipigia kwamba kiyoyozi chao hakipoozi, nilicheka. Nikamuuliza, mama, huko kijijini kiyoyozi cha nini? Hakucheka. Akasema, "Njoo umwone binti yangu."

Binti alikuwa mtu mzima. Alikuwa akiwauzia bodaboda petroli ya chupa pale nyumbani, siku moja ikamlipukia. Alipona, lakini mgongo, kifua na mikono vilibaki makovu matupu, na kovu halitoi jasho. Jua likianza kupiga bati saa sita, joto linamjaa mwilini halina pa kutokea, analia. Kaka zake walioko Mwanza walichanga wakamnunulia kiyoyozi, kikafungwa chumbani kwake. Mwanzoni alikuwa anapata usingizi wa mchana kama watu wengine. Sasa kinapuliza upepo tu.

Nilifika saa saba, na kuna kazi nyingine inanisubiri Nkwenda, upande wa Kyerwa. Nikafungua filta ya ndani, haikuwa chafu. Palepale nikatangaza kwa sauti ya mjuzi, "Gesi imepungua." Sikuwa nimepima kitu.

Mashine ya nje ilikuwa nyuma ya nyumba, pale kibanja, shamba lao la nyumbani, kinapoanzia, migomba imesogea karibu kabisa na ukuta. Nikaikuta imezungushiwa uzio wa fito na majani makavu ya migomba, umefungwa vizuri kwa kamba za mgomba, juu umefunikwa. Mama akanieleza mwenyewe. Ile mashine inatoa hewa ya moto, ilikuwa inaibabua migomba yake, na migomba ile aliipanda marehemu mumewe. Kwetu mtu akiacha mgomba ukauke nyuma ya nyumba yake, majirani wanaanza kuuliza kama mna mgonjwa au mmehama. Basi akaikinga.

Nikauondoa uzio ili nipate nafasi ya kufanya kazi. Nikiwa bado nafunga geji ya kupimia gesi, binti akaita kutoka dirishani, "Fundi, kimeanza kupoa!"

Ee bwana, nilimsikia vizuri sana. Fundi mwenye akili timamu angejiuliza: gesi sijaigusa, kimepoaje? Kazi ya mashine ile ni kulitoa joto la chumbani na kulitupa nje. Ukiizungushia uzio, inalivuta tena joto lilelile ililolitupa. Nililijua hilo tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Lakini gesi nilishaitamka mbele ya watu, nikaona haya kujirudi. Nikaongeza gesi.

Chumba kikawa baridi, mama akapiga vigelegele. Akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, tukatafuna, kisha akaniandalia ndizi na maharage. Nilipotoka nje nikamkuta anauinua ule uzio peke yake. Nilivyolelewa mimi, huwezi kuvuruga kitu cha mama wa watu ukaondoka. Nikampokea, nikausimamisha mwenyewe, nikafunga kamba moja baada ya nyingine. Kumwambia kwamba uzio ndio ugonjwa ilikuwa sawa na kukiri kwamba gesi yangu ilikuwa ya bure. Nikajisemea nitamwambia kwa simu. Sikumpigia.

Siku ya tatu akapiga yeye. "Fundi, waitu," akaniita kwa heshima ya kikwetu, "sasa ni kibaya kuliko mwanzo. Kinawaka, kinazima."

Nilikuwa nimeinamia friji ya mtu, jua kali, bolti imegoma kufunguka. Nikamfokea. Nikamwambia wanaacha dirisha wazi, baridi yote inakimbilia nje. Wafunge dirisha, wazibe na nyufa za mlango, wasifungue mchana kutwa.

"Haya mwanangu," akasema. "Tutafunga."

Wakafunga. Kwa nini wasifunge? Fundi amesema.

Haikuisha wiki, jirani yao akanipigia. Binti amezimia chumbani, wamembeba kwa bodaboda mpaka zahanati. Walimkuta dirisha limefungwa, mlango umezibwa kwa khanga mbili. Nikakaa chini hapohapo kibandani. Mtu ambaye mwili wake hauwezi kutoa jasho, mimi nilikuwa nimemfungia ndani ya bati.

Aliporudishwa nyumbani nikaenda, sikungoja kuitwa. "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu, pole na safari." Pole mimi! Ningefurahi kama angenitukana.

Nikapitiliza nyuma. Geji ilipanda kupita kiasi, kompresa ilikuwa inachemka hadi inajizima yenyewe. Gesi niliyoizidisha ilikuwa imeongeza ubaya juu ya ubaya wa ule uzio. Nikaung'oa uzio, nikapunguza gesi, nikasubiri. Baada ya nusu saa binti akasema chumba kimekuwa kizuri.

Mama alikuwa amesimama anayatazama majani yale chini. Si mjinga yule mama. "Kumbe ni huu?"

"Ndiyo mama. Joto lilikuwa linarudi ndani ya mashine."

Nikaishia hapo. Nilikuwa na maneno mengine, yako mdomoni kabisa, nikayameza.

Akaingia ndani, akatoka na panga. Akaikata migomba minne iliyoikabili mashine, usibaki wa kukingwa tena, mmoja ukiwa na mkungu mchanga kabisa. Mashine ingeweza kuhamishiwa upande wa pili wa nyumba, kazi ya siku moja tu, na hilo nalo sikulisema. Alipomaliza akaliacha panga palepale, akaenda kupiga magoti kando ya kitanda cha binti yake. Mlango ulikuwa wazi, niliona yote.

"Mwanangu, nisamehe," alisema huku analia. "Umeungua mara ya pili, na safari hii ni mimi. Niliionea huruma migomba, wewe nikakusahau."

Binti akamshika kichwa kwa ile mikono yake ya makovu. "Hukujua, mama. Ungejuaje?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, spana mkononi. Nikawaambia kiyoyozi sasa kiko sawa, wala wasiwe na wasiwasi. Mama akajifuta machozi, akanyanyuka kunisindikiza, na njia nzima mpaka barabarani alikuwa ananiomba radhi kwa kunisumbua.