Ngozi za Ngamia za Garissa

Rangi za dukani zilikuwa zimenichosha. Kwetu Malindi nilikuwa nachora kwa masizi na gundi ya mgunga juu ya ngozi ya mbuzi, lakini ngozi ile nyembamba, ikikauka hujikunja na picha yote ikabanduka. Nikaambiwa ngozi ya ngamia haina matata. Vita vya shifta, waasi wa Kisomali, vilikuwa vimechacha huko kaskazini, na mama akaniuliza kama nina akili timamu. Nikaenda.

Garsen tulisubiri msafara wa askari, ndipo malori yakaruhusiwa kuondoka. Njia nzima ni vumbi na mizoga. Ngamia wamepigwa risasi kundi zima, wamevimba, na dereva akawa anapandisha kioo kila tukikaribia. Nilijuta mapema.

Garissa nilipokewa na Abdi, mfanyabiashara wa ngozi. Alikuwa nazo tele, zimechunwa kwenye mizoga kama ile ya njiani, zimekauka na kukunjika na tope lake, wala hazikumfurahisha. Dada yake, Halima, alinipa chai, akaniuliza kama njiani nimemwona mumewe, Nur, aliyeondoka na ngamia wao kutafuta malisho upande wa Masalani. Sikumwona. Akanishukuru hata hivyo.

Asubuhi Halima alinionyesha namna ya kuloweka ngozi kwenye maji ya majivu ili manyoya yatoke. Tukawa tunakwangua pamoja, mimi nawaza picha zangu tu. Tope lilipotoka shingoni ikaonekana chapa ya moto: duara la ukoo wao, na chini yake mkato mdogo ambao Nur huuongeza mwenyewe. Halima akaweka kisu chini.

Abdi alipoitwa alisema huenda Nur amekimbia akawaacha wanyama, tungoje habari. Halima akanigeukia mimi, mgeni.

"Nur hawezi acha ngamia yake," alisema. "Muulize Abdi."

Sikumuuliza. Abdi alikuwa ameketi chini, kichwa ameinamisha.

Nilirudi Malindi mikono mitupu. Jamaa huniuliza ni ufundi gani mpya nimeupata huko. Ya Rabi, ufundi gani? Nilichojifunza ni kwamba kule mtu hupata habari ya msiba kwenye ngozi ya mnyama wake. Halima alianza eda siku ileile, na maiti ya kuzika hakuna.