Vijiti vya Katikati ya Barabara

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Rumonge, shefu wa ofisi ya mipango ya mji hakuniuliza cheti. Alinipa jaloni, ile nguzo ya kupimia yenye rangi nyekundu na nyeupe, akaniamuru nisimame nayo wima katikati ya michikichi hadi aseme basi. Nilisimama mpaka mkono ukafa ganzi. Aliporidhika, alinijia.

"Weye, ukiinama kidogo tu, barabara yote itainama. Watu watapita mu makosa yako miaka na miaka."

Nilicheka moyoni, nikidhani anatisha wageni tu. Leo nimestaafu, na sicheki tena.

Nyinyi mnaopima kwa mashine za setilaiti, sikilizeni tulivyofanya sisi. Kabla ya kugawa viwanja, ambavyo hapa huitwa parseli, tulianza na aksi, yaani mstari wa katikati ya barabara. Kutoka hapo tulipima mita nne kulia na nne kushoto. Hiyo ndiyo akiba ya barabara, mtu hajengi humo. Na kila barabara ilipaswa kuwa na milango miwili, mmoja juu kwenye lami iendayo Bujumbura, mwingine chini ziwani. Njia yenye mlango mmoja shefu hakutaka hata kuiona kwenye karatasi. "Iyo si njia," alisema, "iyo ni mufuko."

Nilihamishiwa Minago, nikakaa huko miaka mingi nikipinda njia kuzunguka michikichi ambayo wenyewe walikataa ikatwe. Niliporudishwa Rumonge nikiwa kiongozi wa wapimaji, mji ulikuwa umeanza kufura. Watu walitoka milimani, wengine ng'ambo ya ziwa, wengine walikuwa wanarudi kutoka Tanzania, na kila mmoja alitaka mahali pa kulala. Shefu mpya alikuwa mtu wa haraka. "Gawa kwanza," aliniambia. "Mambo ya barabara tutaona."

Tukaingia kupima mtaa mpya upande wa ziwani. Saruji ya nguzo za mipaka haikuwa imefika. Nikakata vijiti vya mti wa muvumu, vibichi, nikavisimika kwenye aksi peke yake. Vya pembeni ningeweka baadaye. Mvua zilikuwa karibu, na mimi mtoto wa huku nilijua vizuri kwamba kijiti cha muvumu kikilowa kinachipua. Nilijua, nikaona ni jambo dogo. Kisha nikatumwa Kigwena kupima kando ya msitu.

Niliporudi, vijiti vilikuwa na majani. Kwetu, miti ya muvumu iliyosimama kwa mstari ni mpaka wa nyumba na nyumba, hakuna anayeuliza. Basi jirani wa kulia alikuwa amesogea hadi kwenye miti, na wa kushoto vilevile. Walishaanza kupandisha kuta. Barabara ilikuwa imekwisha, umebaki upenyo wa mtu mmoja, na hapakuwa na mwizi.

Nilimkimbilia shefu. "Shefu, ile barabara imekufa."

"Nani anajua?"

"Ni miye na weye."

"Basi acha. Tukivunja, watauliza nani alikosea. Uko na watoto, weye."

Nikanyamaza, na nilinyamaza hadi siku ya kustaafu. Siku hiyo waliniita mbele, wakanisifu kwa mitaa niliyoipima, na ule mtaa ukatajwa wa kwanza. Niliona aibu, lakini nilipiga makofi pamoja nao.

Sasa adhabu yangu imekuja na jina la mwanangu. Binti yangu Zaina ameolewa katika mtaa uleule, nyumba ya mwisho kabla ya maji. Ziwa limepanda na kumeza njia ya chini. Kimebaki kichochoro cha juu, ambamo baiskeli yenye mzigo inakwama. Zaina ana mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na daktari amemwambia kwamba safari hii akisikia uchungu tu, afike hospitali mara moja. Kila alasiri natembea kutoka mlangoni kwake hadi kwenye lami nikijaribu kuona machela itapita wapi.

Nilimwendea nyumbakumi, mkuu wa nyumba za mtaa ule, naye akawaita wenye parseli. Wote walikubali kurudisha ua nyuma, isipokuwa Mama Riziki, mjane aliyetoka upande wa Uvira. Jiko lake limekaa pale pale inapotakiwa kutokea njia. Bila yeye, wengine wangevunja bure.

Nilimkuta uani akigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, juani.

"Amahoro, Mama."

"Amahoro, Mzee. Iko nini?"

Nikamweleza habari ya Zaina. Aliendelea kugeuza.

"Zaina namupenda. Lakini bwana yangu alinunua parseli mupaka ku muvumu. Nani alisema hapa ilikuwa barabara?"

Ningeweza kumtaja yule shefu wa haraka, ambaye sasa ni marehemu. Sikumtaja.

"Ni miye, Mama. Ile miti si mupaka. Ni miye nilisimika vile vijiti, katikati ya barabara. Nilijua, na nilinyamaza."

Mikono yake ikasimama.

"Baba Riziki alipougua, tuling'oa mulango, tukamubeba juu yake," alisema polepole. "Mulango ukakwama kati ya kuta. Tukarudi nyuma, tukajaribu tena. Alikufia pale ku kona. Miye nikasema ni Mungu."

Nilisimama mbele yake, mzee mzima, machozi yananitoka. Hakunitazama. Aliingia jikoni, akatoka na sufuria, akaiweka chini. Akarudi akatoa nyingine, kisha mafiga, kisha kikapu cha mihogo, hadi jiko likawa tupu.

"Waite watu wavunje kesho asubui," alisema. "Zaina apite."

Nikafungua mdomo kumwomba radhi. Akainua mkono.

"Barabara nakupa, Mzee. Ile ingine usiniombe."