Masika ameniletea samaki, nikajua kuna kitu

Leo mjukuu wangu Masika ametoka chuoni Kasese mpaka kwangu Bwera, amebeba samaki mkubwa wa ziwani Kasenyi.

Mutoto ambaye hata simu hanipigii!

Akapiga magoti kunisalimia. Akafagia uwanja. Akaosha masufuria niliyokuwa nimeshaosha.

Nikamuuliza, "Masika, uko na mimba?"

"Hapana, Bibi! Nimekukumbuka tu."

Haya. Nikapika, jicho moja kwake.

Kabla hatujala, binti yangu Biira akaingia. Huyo ndiye mwalimu wa Masika huko chuoni. Naye amebeba sukari na sabuni!

Wakaonana, kila mmoja akaangalia mzigo wa mwenzake.

Nikasema, "Leo nani amekufa?"

Biira akanivuta nyuma ya jiko. "Mama, Masika ameanguka mtihani wa mwisho. Amekosa maksi mbili tu. Nimeshindwa kumwambia. Mwambie wewe."

Kumbe samaki ilikuja kunituma nimuombee maksi, na sukari ilikuja kuzikataa.

"Hizo mbili huwezi kumuongeza, wewe mutu mbaya?"

"Naweza, Mama. Lakini wenzake walioanguka naye hawana shangazi."

Nilikuwa na matusi tayari mdomoni. Nikayameza.

Nikarudi ndani. "Masika, umeanguka. Mtihani utarudia. Njoo tule."

Amelia mpaka mchuzi ukapoa. Nimempa kichwa cha samaki, na mimi kichwa sigawi na mutu.

Sasa wewe unayetaka kuniandikia hapa kwamba Biira angeongeza, kwanza niambie: mutoto wako anafundishwa na nani?