Zuhura na Upande Wake wa Rede

Zuhura Kibwana yuko darasa la tano, katika shule ninayojitolea kufundisha jirani na Somanga. Baba yake anauza samaki wa kukaanga kando ya barabara kuu. Nyumbani kwao hakuna cha kuringia, lakini saa ya mapumziko wasichana wote hutaka kuwa upande wake. Kwenye mchezo wa rede hakuna anayekwepa mpira kama yeye; anajaza chupa mchanga huku mpira wa matambara ukimpita sikioni.

Muhula huu alikuja Consolata kutoka Njinjo, kuishi kwa shangazi yake. Lafudhi yake ya Kimatumbi ilichekwa tangu siku ya kwanza, na uwanjani mpira humpata kabla hajainama. Kwenye kugawana pande alibaki wa mwisho. Siku nyingine hakuitwa kabisa.

Jumatatu ilikuwa zamu ya Zuhura kuchagua.

"Consolata," akasema.

Fauzia, anayekaa na Zuhura dawati moja, akacheka. "We Zuhura, umelala? Gogo hilo."

"Nimeshamchagua."

"Basi cheza na gogo lako. Sisi tunahamia upande wa pili, na kesho usituite."

Wakahama kweli, wote. Nikiwa mlangoni mwa darasa nilimwona mtoto akipoteza kila alichokuwa nacho pale uwanjani, naye anashughulika kumwonyesha mwenzake namna ya kukunja magoti. Wawili hao wakashindwa. Wakashindwa tena kesho yake, na keshokutwa yake, mpaka wenzao wakachoka kushinda, wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Ijumaa Zuhura akamwachia Consolata zamu ya kuchagua. Kila mtu alijua atamtaja nani.

"Fauzia," akasema Consolata.

Fauzia akatazama nyuma yake, kama vile kuna Fauzia mwingine. "Mimi?"

"Wewe. Una kelele. Utaniambia mpira unatokea wapi."

Zuhura alicheka mpaka akakaa chini, kisha akavuka kwenda upande wa pili. Chuoni tuliujadili usawa kwa miaka mitatu, tukaandika, tukagombana. Pale ulikuwa unacheza peku kwenye vumbi, wala haukujua kwamba unatazamwa. Nilishindwa hata kupiga kengele.

Mpira wa kwanza, aliourusha Zuhura mwenyewe, ukampata Consolata mgongoni.

"Si nimekwambia inama," Fauzia akamgombeza, huku akimpangusa vumbi.