Nilimnyima sungura chakula baada ya kuhasiwa, nikamsingizia bibi yangu

Wakuu, salaam kwenu, na walionizidi umri shikamooni.

Nimeuona uzi wa yule dada anayeuliza amtunze vipi sungura wake aliyetoka kuhasiwa. Nikaandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Hii ni mara ya tatu. Nitasema ilivyokuwa, hata pale inaponichoma.

Mimi sasa ni mzee. Haya yalitokea enzi za vijiji vya ujamaa, upande wa Kwaluguru, Handeni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Nilikuwa kijana wa wasiwasi. Shule niliishia njiani, mengine nikajisomea mwenyewe kwenye vijitabu. Nikikosea herufi moja, ukurasa mzima nauchana. Kijiji kiliponipa darasa la kisomo cha watu wazima nifundishe, nikajiona nimefika.

Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa bibi mzaa mama. Tuliishi wawili tu. Mnaujua utani wa bibi na mjukuu: nyumbani aliniita "mume wangu".

"Mume wangu, kuni zimekwisha. Leo nikupikie kwa maneno?"

Mwalimu aliniita darasani tu, tena huku akicheka.

Tulikuwa na sungura dume, mweupe. Tulimwita Ndugu, kwa sababu wakati ule kila mtu alikuwa ndugu. Alikuwa akilala juu ya kanga ya bibi. Alipokomaa akaanza kukojolea kila kitu na kutoboa banda kuwafuata majike ya mradi wa kijiji. Mwenyekiti akatoa neno moja: ahasiwe au aliwe.

Nikamtia kwenye kikapu, nikapanda lori hadi Korogwe kwa bwana mifugo mmoja aliyekubali kumfanyia. Akamchoma sindano ya usingizi, akamaliza, akaniambia mambo matatu.

Alale pakavu. Kidonda usikichokonoe. Akiamka tu, mpe majani.

Mawili ya kwanza niliyaandika kwenye daftari. La tatu sikuliandika.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipoanzia, wakuu. Kabla ya hapo nilikuwa nimemuuguza mjomba wangu aliyepasuliwa ngiri. Wauguzi hawakumpa hata uji mpaka atoe upepo. Nikaliweka hilo kichwani kama sheria. Nikasema moyoni, huyu bwana mifugo kasema haraka haraka, mimi ndiye nitakayefanya sawasawa.

Basi nikamrudisha Ndugu nyumbani, nikakaa kando ya banda kusubiri ajambe.

Msicheke. Au chekeni tu.

Jirani yetu, mzee mmoja mfugaji wa Kimasai, alipita akanikuta nimetega sikio.

"Mwalimu, unasikiliza redio?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akaishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Mimi nahasi madume tangu sijaota ndevu. Jioni yake yanakula. Wewe unasubiri sungura akupigie tarumbeta?"

Nikanuna. Bibi naye akasema, "Mume wangu, mnyama huyu mdomo wake hautulii siku zote. Leo umetulia. Mpe majani." Nikakataa. Nikaandika kwenye kipande cha boksi: USIMLISHE, nikakitundika bandani. Nilimwandikia nani? Tulikuwa wawili, na mwenzangu hajui kusoma.

Siku ya pili Ndugu alijikunyata pembeni, macho nusu, tumbo gumu. Vile vinyesi vyake vidogo kama punje havikuonekana hata kimoja. Nilipoinua nyasi za kulalia nikakuta kikonyo cha tembele.

Bibi alikuwa amemlisha nilipokuwa shamba la ujamaa.

Sikusema kitu nyumbani. Nilisubiri darasani, alasiri, watu wote wamekaa. Bibi alikuwa ubaoni anaandika jina lake, Zaina. Alikuwa amefika herufi ya tatu. Nikasema kwa sauti:

"Kuna watu humu hata jina lao hawajamaliza kuliandika, lakini wanataka kumfundisha daktari kazi."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Bibi akaiweka chaki taratibu, akajipangusa vidole kwenye kanga, akaenda kukaa.

Siku ya tatu bwana mifugo alikuja kijijini kuchanja ng'ombe. Nikamkimbilia na kikapu, watu wamejaa zizini. Akamtomasa Ndugu tumbo, akaniangalia.

"Huyu ameshinda na njaa. Nilikuambia nini?"

Wakuu, nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikasema, "Bibi ndiye kamlisha matembele bila ruhusa. Ndiyo yamemharibu tumbo."

Bibi alikuwa palepale. Hakukana.

Bwana mifugo akamgeukia. "Shikamoo, bibi. Ulimpa mengi?"

"Marahaba. Machache, baba. Mjukuu wangu akienda shamba."

"Hayo machache ndiyo yaliyomfikisha leo. Sungura tumbo lake likisimama, na yeye anakufa. Huyu kijana angemuua."

Yule jirani mfugaji, mtu wa maneno, safari hii hakunitania. Akatazama chini.

Bwana mifugo alimnywesha maji kwa bomba la sindano, akamkabidhi bibi. Bibi alimkanda tumbo kwa siku mbili na kumlisha jani moja moja. Asubuhi moja akaniita bandani, akanionyesha punje tatu za kinyesi kwenye kiganja. Ndugu akapona, akaishi miaka.

Dada, jibu lako ni hili: mlishe mara akizinduka, hesabu vinyesi, kidonda kitazame bila kukigusa, na umtenge na majike wiki kadhaa, maana mbegu hazikatiki siku hiyohiyo. Na aliyekuelekeza, andika yote aliyosema.

Bibi hakurudi tena darasani. Alisaini kwa dole gumba mpaka anaingia kaburini, na jina lenyewe lilibakiza herufi mbili.

Nilimwomba radhi, tena kwa kupiga magoti. Akanishika kichwa, akasema, "Nimeshakusamehe, mwalimu."

Tangu siku ile mpaka anafariki hakuniita tena mume wake.

Karibuni mseme, hata kwa ukali. Na kama kuna aliyewahi kusamehewa hivyo, aniambie aliishi nalo vipi.